Kikohozi Kisicho na Kamasi

Mwezi wa saba mwaka huu tulimzika Mama Mwende kule Nunguni, na kama kawaida ya Nunguni mwezi huo, tulimzika ndani ya ukungu. Mhubiri alisikika tu, hakuonekana vizuri. Mimi nakaa Kalamba, chini kwenye joto, na ingawa baridi ya milima ile naijua tangu usichana wangu, bado nilipanda huko na leso moja nyepesi begani, mjinga mimi. Wenyeji walikuwa wamevaa makoti juu ya sweta, na sweta juu ya sweta nyingine, na walikuwa wakikohoa. Hakuna mazishi ya Julai kule yasiyo na kikohozi. Mmoja akianza upande wa wanaume, mwingine anamjibu kutoka jikoni, na mhubiri anangoja wamalize. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza kikohozi kimoja tu, cha Mwende, binti wa marehemu, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili. Ningekitambua popote. Kinaanza kikavu, mara mbili, halafu kinashuka kifuani na kukaa huko muda mrefu. Siku kilipoanza nilikuwepo, na mimi ndiye niliyekianzisha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule nilipokwenda kwa Mama Mwende kujifunza kushona. Alikuwa fundi wa sare za shule, na nyumba yake ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichogawanywa na pazia la maua. Mbele ya pazia palikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na marundo ya sketi za kijani ambazo hazikuisha. Nyuma ya pazia palikuwa na kitanda chake na Mwende, godoro langu lililokunjwa ukutani, na jiko la makaa ambalo halikuzimwa kuanzia Juni hadi Agosti. Mumewe alifanya kazi Kambu, kwenye barabara kuu, katika duka la vipuri vya malori, naye alikuja mwisho wa mwezi akilalamika kwamba milima yetu itamuua kwa baridi. Mama yake mumewe, ambaye wote tulimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, aliishi juu kidogo ya nyumba na alishuka kila asubuhi kukagua kama tumeamka. Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, asubuhi ikiwa imebaki ya jana, na mchana, na jioni tukapika nyingine. Chai ilikuwa na tangawizi kali mpaka masikio yanapata moto. Mama Mwende alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye tabia moja ambayo ilinichukua wiki kadhaa kuizoea: aliongea akiwa na pini mdomoni. Pini sita, saba, zimebanwa kwenye kona ya midomo, na huku anakufokea kwamba pindo lako limekwenda upande kama mlevi. Nilimpenda, lazima niseme hivyo. Alinifokea sana, lakini aliniwekea chakula kwanza kabla ya kujiwekea yeye.

Siku hiyo alikuwa amepeleka sare shuleni na kuniachia mtoto na karai la mbaazi za kumenya. Mbaazi mbichi, zile za kwanza za msimu, bado na utamu wake. Mwende alikuwa na miaka mitatu na nusu, mnene kama mama yake, na alikuwa amechoshwa na baridi ya siku nyingi ndani ya nyumba. Hata mimi nilikuwa nimechoshwa. Kwetu Kalamba tulikuwa na mchezo wa kurusha mbaazi juu na kuidaka kwa mdomo, na kaka zangu walikuwa mabingwa. Nikamwonyesha. Nilirusha moja nikaidaka, akacheka. Nikarusha ya pili nikaikosa, ikanigonga puani, akacheka mpaka akakaa chini. Akataka na yeye. Nikamwambia afumbe macho nusu na aufungue mdomo, nikamrushia. Ya kwanza ilianguka. Ya pili ilianguka. Ya tatu iliingia akiwa katikati ya kicheko, na kicheko kikakatika. Sijawahi kuona kimya cha namna ile. Uso wake ulibadilika rangi, macho yakanitazama mimi, mimi hasa, akiuliza. Nilimgeuza juu chini nikampiga mgongoni, sijui mara ngapi. Halafu akavuta pumzi kwa sauti ya mlango mbovu, akakohoa, akakohoa tena, akalia. Nilitafuta mbaazi sakafuni. Zilikuwa nyingi sakafuni, za kuanguka na za kumwagika tulipokuwa tunahangaika. Nilichagua moja iliyolowa, nikajiambia ndiyo hiyo. Mama yake aliporudi alimkuta amelala, nami namaliza kumenya. Aliuliza kama kuko salama. Nikasema kuko salama.

Kesho yake kikohozi kilianza, na katika mwezi wa Julai kule Nunguni kikohozi cha mtoto hakimshtui mtu. Kingemshtua mtu Kambu au Kalamba, ambako watoto hukohoa kwa sababu. Huku milimani sababu iko nje ya mlango, nyeupe, unaiona. Susu alishuka na limau na tangawizi. Siku ya tatu alileta asali ya Kitui, nyeusi, iliyotiwa kwenye chupa ya soda yenye kizibo cha gunzi la mahindi, na akatuonya tusiipake mkate kwa sababu ni dawa. Siku ya tano tulimfukiza. Tulichemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria kubwa, tukamkalisha Mwende kwenye mapaja ya mama yake, tukawafunika wote wawili blanketi, na mimi kazi yangu ilikuwa kushikilia ncha za blanketi mvuke usitoke. Nilimsikia ndani akilia na kukohoa na Mama Mwende akimwimbia. Kisha wakaja wateja. Kila aliyekuja kupimwa sare aliacha dawa pamoja na vipimo. Huyu alisema kitunguu kikatwe kiwekwe kwenye soksi. Yule alisema mafuta ya kondoo yapakwe kifuani, na mkia ndio bora. Mwingine alisema maji ya mwarobaini, na aliyefuata akasema mwarobaini kwa mtoto ni wazimu, apewe uji wa wimbi wenye pilipili manga. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Mwende hakuulizwa uji, wala kitunguu, wala mafuta ya kondoo, ambayo yalinuka mpaka sketi za kijani zikanuka nayo na mwalimu mmoja akazirudisha. Na kila kitu kilichopakwa au kunyweshwa, mimi ndiye niliyeshika kijiko, au mikono ya mtoto, au taa. Nilikuwa na bidii ya ajabu siku zile. Mama Mwende aliwaambia watu kwamba nampenda mtoto wake kama wangu. Nilipenda kusikia hivyo, na nilitamani anyamaze.

Aliyeona kitu alikuwa Bi Halima. Alikuwa na duka la vitambaa upande wa pili wa soko, mwanamke Mwislamu ambaye watu wake walikuwa wafanyabiashara Mwingi, na tulichukua kwake nyuzi na vitambaa vya sare. Alikuja na habasoda kwenye karatasi na samli kidogo kwenye kikombe, akamkalisha Mwende kwenye meza ya kukatia na kumsikiliza, sikio likiwa kifuani, kwanza upande huu halafu upande ule.

"Ana kamasi?" aliuliza.

"Hana," Mama Mwende akasema.

"Homa? Mwili unachemka?"

"Siku ingine kidogo. Siku ingine hapana."

Bi Halima akainua kichwa. "Mimi nimelea saba. Hii kikohozi haina kamasi, mama. Mtoto wa baridi lazima pua itoke. Na huku," akaweka kiganja upande wa kulia, "kama hakuna mtu ndani."

Mama Mwende alicheka kidogo na kumwambia ni baridi tu, hajui Nunguni. Bi Halima, ambaye alikuwa ameishi Nunguni miaka mingi kuliko mimi na Mwende tukijumlishwa, hakubishana. Alitupa habasoda, akaeleza kiasi, akaenda zake. Mimi nilibaki nimeshika mkasi.

Nilisema siku hiyohiyo. Nataka hilo liandikwe, kwa sababu kwa miaka mingi nimelitumia kama blanketi. Nilisema. Ilikuwa alasiri, Mama Mwende alikuwa anapindua ukanda wa sketi, pini mdomoni, na Susu alikuwa jikoni nyuma ya pazia anachambua mchele. Nikasema, "Mama Mwende, ile siku ulienda shule, Mwende alipaliwa na mbaazi kidogo."

"Ikatoka?"

"Nafikiri ilitoka."

"Si basi," akasema, pini zikicheza. "Hata kama alimeza itatoka na choo. Nipe ule uzi."

Susu akacheka nyuma ya pazia. "Ai, mwaitu! Mimi nimemeza mbegu za mapera mpaka nikaambiwa mti utamea tumboni. Uko wapi huo mti?"

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka nao nikampa uzi. Na hapa ndipo penye aibu yangu, si pale kwenye karai. Nilipomrushia mtoto mbaazi nilikuwa mpumbavu, na upumbavu una dawa yake, unakua unaacha. Lakini pale kwenye cherehani nilihisi mzigo wote umetoka kifuani mwangu kwa mara moja, nikapumua vizuri, nikala vizuri jioni ile, nikalala. Nilikuwa nimesema. Walikuwa wakubwa, na wakubwa walikuwa wamecheka. Sikusema kwamba niliirusha mimi. Sikusema uso wake ulibadilika rangi. Nilichukua kicheko chao nikakifanya cheti, na kila Mwende alipokohoa nilikitoa nikakisoma tena.

Agosti ilipoingia mtoto alikuwa amekonda. Tulikuwa tumemaliza chupa mbili za dawa nyekundu ya duka la dawa, tamu, ambayo Mwende aliipenda na kuiomba. Tulikuwa tumeombewa kanisani. Susu akasema sasa mambo yako wazi, ni kilimi. Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kila mtu anacho, lakini wazee wa kwetu wanaamini kikirefuka kinamtekenya mtoto koo akohoe bila kukoma, na kisipokatwa atakohoa mpaka afe. Wako waliokatwa na wakapona, kwa sababu wangepona tu. Susu mwenyewe alikuwa amekatwa, na mumewe Mama Mwende, na alitufungulia mdomo tuone pengo. Mama Mwende hakutaka. Naapa hakutaka, alizunguka nalo wiki nzima, na usiku nilimsikia akimwuliza mumewe kwenye simu ya jirani afanye nini, na yule bwana huko Kambu akasema fanya vile mama anasema. Mkataji alikuwa mzee safi, mpole, aliyekuja siku za soko na kukaa nyuma ya wauza kamba. Alinawa mikono kwa sabuni mbele yetu. Alikuwa na waya uliopindwa ncha na kijiko cha mti cha kubania ulimi, na alivichemsha kwenye sufuria yetu ileile ya mkaratusi. Akauliza nani ana nguvu ya kushika mtoto. Mama Mwende akasema yeye hawezi, ataanguka. Susu mikono yake ilikuwa inatetemeka. Wote wakanitazama.

Nilimshika. Nilimfunga kwa leso mikono ndani, nikamweka mgongo wake kifuani mwangu, nikamshika kichwa kwa viganja vyote viwili. Alikuwa mwepesi. Kupitia mgongo wake nilisikia ile pumzi, upande wa kushoto inaingia na kutoka, upande wa kulia hakuna mtu ndani. Nilisikia kwa mwili wangu mwenyewe kile Bi Halima alichosikia kwa sikio. Nilijua. Ningeweza kufungua mikono. Hakuna aliyenishikia kisu, hakuna aliyenitisha, palikuwa na wanawake wawili wanaonipenda na mzee mpole anayesubiri. Nilikaza mikono. Ilichukua muda mfupi kuliko kutunga uzi kwenye sindano, na mzee akatuonyesha kile kinyama juu ya kipande cha gazeti. Mwende hakulia mara moja. Alinitazama kwa macho yaleyale ya siku ya karai.

Halafu kikohozi kikaacha. Siku nne nzima hakukohoa, kwa sababu koo lilikuwa kidonda na mtoto alikuwa analala tu, hacheki, hakimbii, hanywi ila maziwa. Sisi tuliona amepona. Susu alimpelekea mzee jogoo. Mama Mwende aliimba kwenye cherehani. Hata mimi niliamini, na nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nafikiri hiyo ndiyo sala ya uongo kuliko zote nilizowahi kuomba. Siku ya tano kikohozi kilirudi na harufu mbaya, na mwili ukachemka kiasi kwamba huwezi kuweka mkono. Tukampeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana, amechoka. Alisikiliza kifua muda mrefu, akaitazama picha ya eksirei dhidi ya mwanga wa dirisha, akauliza kwa nini kilimi kimekatwa, na hakungoja jibu. Halafu akauliza, "Mama, kuna kitu chochote ilimkwama kooni? Karanga, ushanga, mbegu?"

"Hapana," Mama Mwende akasema, na alisema kweli yake. Alikuwa amesahau.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimebeba viatu vya mtoto. Nilifungua mdomo. Daktari aliandika kitu, akatoka. Nilimfuata kwenye korido lakini alikuwa ameshaingia wadi nyingine, na muuguzi aliyesimama mlangoni akaniuliza, "Wewe ni nani yake?"

"Najifunza kushona kwao."

"Basi mwambie mama yake aongee na daktari. Hapa usipite."

Nilirudi kwenye benchi. Nilikaa karibu na Mama Mwende na kumwambia ni ile mbaazi. Akaniuliza mbaazi gani. Nikasema nilikuambia. Alinigeukia polepole, na hakuwa na pini mdomoni siku hiyo, uso wake wote ulikuwa wazi.

"Uliniambia lini?"

"Ile siku Bi Halima alikuja. Ulikuwa unashona ukanda."

"Na mimi nikasema nini?"

"Ulisema itatoka na choo."

"Nzilani," akasema, "mtu akiwa na jambo kama hilo anakuja akilia. Wewe ulikuja kama mtu anaomba chumvi. Ungekuja ukilia, ningesikia." Kisha aliinuka na kukimbia kwenye ile korido, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, na muuguzi hakuthubutu kumzuia.

Walimpeleka Nairobi. Waliitoa mbaazi kwa bomba lenye taa, lakini sehemu ya pafu ilikuwa imeoza na ikakatwa baadaye. Mwende alirudi Novemba, mvua zimeanza, na kovu ubavuni. Mama Mwende hakunifukuza. Alinifundisha kukata shingo ya shati na kutia zipu, akanifokea kama zamani, akaniwekea chakula kwanza. Lakini hakuniacha tena peke yangu na mtoto, hata kwa kwenda chooni. Alimbeba. Wala hakuuliza mbaazi iliingiaje mdomoni. Labda alidhani mtoto alijilisha mwenyewe, watoto hula mbaazi mbichi, nani hajui. Sikumwambia. Desemba nilimaliza kujifunza, nikarudi Kalamba kufungua cherehani yangu, na kwa miaka yote iliyofuata tulisalimiana vizuri kila tulipokutana. Mficha maradhi, kilio humfichua, wanasema. Mimi nimefika miaka hamsini na ushei na hakuna kilio kilichonifichua.

Siku ya mazishi, baada ya udongo, Mwende alikuja na watoto wake wawili kunisalimia. "Huyu ndiye Anti Nzilani," akawaambia. "Susu yenu, huyu tuliyemzika, alikuwa anasema kila mara. Huyu ndiye alisema ile maneno ya mbaazi hospitali. Bila yeye singekuwa hapa." Watoto wakanipa mkono kwa heshima. Nyuma yake wanawake walikuwa wakimsukumia dawa, chupa ya maji ya tangawizi, limau lililokatwa, mmoja na majani ya mkaratusi kabisa kwenye mfuko, na yeye alipokea vyote na kushukuru, kama mtu aliyezoea kunyweshwa tangu utotoni.

Nilimfuata hadi kwenye sufuria za chakula. Alikuwa anapakua, mstari wa watu ni mrefu. Nikamwambia yote. Kwamba niliirusha mimi. Kwamba tulikuwa tunacheza na alikuwa anacheka. Kwamba nilikaa kimya, halafu nikasema nusu, halafu nikamshika kichwa akakatwa kilimi huku nikijua. Nilisema kwa sauti ya kawaida, ili watu wa mstari wasisikie. Kijiko chake kilisimama hewani.

"Anti," akasema, "si ulikuwa tu mtoto?"

"Nilikuwa na kumi na tisa."

"Basi hayo yamepita. Mama mwenyewe hakukuwekea kinyongo." Akanitazama vizuri, akaona leso yangu nyepesi. "Unatetemeka na baridi. Umekula kweli?"

Na nikaisikia ikinishukia kifuani, ile faraja ya zamani, ileile ya alasiri ya kupinduliwa ukanda, haraka, tamu, isiyo yangu. Nilijaribu kulia. Nilijaribu kweli, pale mbele ya sufuria, nikakaza uso, na hakuna kilichotoka. Watu nyuma yangu walianza kusukumana.

"Bado," nikasema.

Akachukua sahani, akaniwekea wali na maharagwe na kipande kikubwa cha nyama, na alipotaka kunipa alisimama, akaiweka sahani mbali kwa mkono ulionyooka, akageuza uso pembeni na kukohoa, muda mrefu, ili asinikoholee chakula.